Punguzo la Bei na Bei ya Njia: Historia ya Gemu Kanduyi

Gemu ya The Witcher 3: Wild Hunt ilipotoka Mei 2015, bei yake ilikuwa dola 60. Siku hizi bei ya kawaida katika duka la mtandaoni la Steam ni karibu dola 40, na msimu wa punguzo ukifika hushuka hadi dola 8, wakati mwingine chini ya hapo. Ni gemu ya njozi ambamo mchezaji anakuwa mwindaji wa mazimwi, anazunguka nchi nzima ya kubuni, anapatana na wafalme na wachawi, na uamuzi anaoufanya leo unamrudia kesho kwa heri au kwa shari. Ukifuata hadithi kuu peke yake utachukua kama saa 50. Ukiongeza visa vya pembeni, saa zinapita 100. Kijana wa Kanduyi anayeiona bei hiyo kwenye simu anajiuliza swali lile lile wanalojiuliza vijana wa Warsaw na Chicago: je, inafaa kununuliwa? Jibu lake, hata hivyo, haliwezi kuwa la Chicago, kwa sababu historia ya biashara ya Kanduyi inaonyesha kwamba bei iliyobandikwa kwenye bidhaa ilikuwa siku zote sehemu ndogo ya gharama yake. Kilichoamua kama kitu kinafaa ni njia kiliyopitia hadi kufika, na mahali pa kukitumia kikishafika. Punguzo hugusa bei tu. Njia na mahali huviacha vilevile.

Kanduyi, katika kaunti ya Bungoma magharibi mwa Kenya, ni njia panda. Barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba inakutana hapo na ile inayotoka Mumias kupitia mji wa Bungoma, na malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita mchana na usiku. Kabla ya lami, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipiga kambi kusini mwa hapa, kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ikileta nguo na shanga na kuondoka na pembe za ndovu. Shanga iliyokuwa rahisi Mombasa ilifika kwa Mumia ikiwa ghali, kwa kuwa mnunuzi alikuwa analipia mgongo wa hamali. Reli iliyopita Eldoret na Bungoma katika miaka ya 1920 ikielekea Uganda ilishusha gharama hiyo, na maduka ya Wahindi yakachipuka kando ya stesheni. Bidhaa zilikuwa zilezile. Njia ndiyo iliyobadilika, na bei ikaifuata.

Ushahidi mkali zaidi ni wa magendo ya kahawa. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda kwa kasi kubwa. Wakati huohuo serikali ya Idi Amin ilikuwa inamlipa mkulima wa Uganda bei ndogo iliyopangwa, tena kwa sarafu iliyokuwa inaporomoka. Kahawa ikaanza kuvuka mpaka kuja soko la Chepkube, upande wa Bungoma, na kwa miaka michache soko hilo la kijijini likajaa fedha. Waliotajirika hawakuwa wamepanda hata mbuni mmoja. Walikuwa wamebeba, wameficha, wamesafirisha na wamejuana na watu wa kupitishia mzigo. Kahawa ya Uganda ilikuwa na punguzo kubwa kuliko lolote la Steam, lakini punguzo hilo lilimfaa mwenye njia peke yake. Asiyekuwa na njia aliisikia bei na kuendelea kupalilia mahindi yake.

Picha za video zilifika kwa mtindo huohuo. Katika miaka ya 1980 na 1990 miji midogo ya magharibi mwa Kenya ilikuwa na vibanda vya video: chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, mashine ya kanda na kitambaa kizito dirishani cha kuzuia mwanga. Nyumba nyingi hazikuwa na stima wala televisheni, kwa hiyo aliyekuwa na vyote viwili aliuza nafasi ya kukaa. Mtazamaji hakununua kanda, alilipa kiingilio. Baadaye wasimulizi kama DJ Afro, anayeeleza filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng huku zikiendelea, wakawa sehemu ya bidhaa yenyewe. Filamu ingeweza kupatikana popote. Watu walivutwa na chumba, msimulizi na kicheko cha wenzao.

PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000, ilirithi chumba hicho. Katika miji kama Bungoma ilikuja zaidi kama mtumba, ikiwa imechipiwa ili isome diski za kunakili. Mwenye kibanda alipanga televisheni chache, akachomeka pedi mbili kwa kila moja, na akaweka gemu ambazo mechi yake ina mwisho: FIFA, Pro Evolution Soccer, mapigano ya Tekken. Malipo yalikuwa kwa mechi, shilingi 10 au 20, na desturi iliyoenea ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelipa. Desturi hiyo inaonekana kama utani wa vijana, lakini ni hesabu nzuri ya biashara. Mshindi anabaki kwenye kiti bure, mshinde anatoa sarafu na kumpisha mwenzake, foleni inasonga, na wanaongoja wakiwa wameegemea ukuta wanakuwa mashabiki wanaovuta wapita njia. Mwenye kibanda hana haja ya kuhesabu dakika, kwa maana kila kipenga cha mwisho kinamletea pesa.

Gemu ya njozi ya saa mia haikuwa na pa kukaa katika uchumi huo. Haina mshindi wa kubaki wala mshinde wa kulipa. Zaidi ya hapo, inahitaji kumbukumbu. PlayStation 2 ilihifadhi maendeleo ya mchezaji kwenye kadi ya MB 8, na kadi ya kibanda ilikuwa ya kila mtu. Aliyehifadhi safari yake Jumamosi angeweza kukuta Jumatatu kwamba mwingine amehifadhi yake juu yake. Hata Grand Theft Auto: San Andreas, iliyopendwa mno, ilichezwa kwa dakika za kulipia, mtu akiendesha magari na kukimbizana na polisi bila kuijali hadithi. Kwa hiyo gemu kama Final Fantasy X, zilizouzwa kwa mamilioni duniani kwa mashine ileile, zilibaki nje ya vibanda kwa sababu ya mfumo wa malipo. Anayesema kwamba vijana wa hapa wanapenda mpira tu na hawana subira ya hadithi ndefu anachukua kilichowezekana kulipiwa na kukiita kilichopendwa.

Kwa muda huo wote gemu yenyewe ilikuwa karibu na bure. Diski ya kunakili kutoka River Road, Nairobi, iliuzwa kwa noti moja ya shilingi 50 au 100, na baadaye maduka ya muvi yakaanza kujaza flashi kwa bei ya chini zaidi. Jambo hili lina uzito katika swali letu. Punguzo hupata nguvu kwa kulinganishwa na bei ya kwanza: anayejua kwamba gemu ilikuwa dola 60 anaona dola 8 kama zawadi. Lilipofika Kanduyi, halikukuta watu waliozoea kulipa dola 60. Lilikuta watu waliozoea kulipia saa, kiti na stima, ambao gemu yenyewe waliipata kwa bei ya soda mbili. Asilimia 80 iliyopunguzwa ni asilimia 80 ya bei ambayo hapa karibu hakuna aliyewahi kuilipa.

Njia yenyewe ilifunguka kipande kwa kipande. M-Pesa ilianza Machi 2007. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009 na kuanza kushusha bei ya intaneti. Mwaka 2015 mradi wa serikali wa kufikisha stima vijijini ulianza kuunganisha nyumba ambazo waya zilikuwa zikipita juu yazo kwa miaka, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho ndani ya eneo bunge la Kanduyi, kilipata hati yake, kikaleta maelfu ya vijana wanaohitaji laptopu kwa masomo. Juni 2022 Safaricom ilianzisha kadi pepe ya Visa iliyounganishwa na M-Pesa, na mtu asiye na kadi ya benki akaweza kulipa duka la ng'ambo kwa urahisi zaidi akiwa Kanduyi. Steam lilikuwa limefunguliwa tangu Septemba 2003. Umbali kati ya duka hilo na mnunuzi wa Bungoma ulichukua karibu miaka 20 kupitika.

Sasa tuhesabu. Steam haiuzi kwa shilingi ya Kenya. Bei ni kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na kufikia Agosti mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Gemu ya dola 8 ilitoka shilingi 1,280 hadi 1,030 bila muuzaji kugusa chochote. Kisha kuna mzigo wa kuibeba: The Witcher 3 inachukua GB 50, na kwa anayetumia bando la simu, gharama ya kuipakua inaweza kuipita bei ya gemu. Kisha tokeni za stima: kompyuta inayokula wati 250 kwa saa 100 itamaliza yuniti 25, na kwa bei ya miaka ya karibuni ya kati ya shilingi 20 na 30 kwa yuniti, hiyo ni shilingi 500 hadi 750. Mwisho kuna mashine. Watengenezaji walitaja kadi ya picha ya GTX 660 na RAM ya GB 6 kuwa kiwango cha chini, na laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa mijini kwetu, ambazo zilikuwa za maofisini huko zilikotoka, hazina kadi ya picha ya kujitegemea. Tuchukue, kwa mfano tu, kompyuta ya kuichezea ikigharimu shilingi 60,000. Punguzo la dola 32 ni karibu shilingi 4,100, yaani kama asilimia 7 ya mashine. Punguzo linalopigiwa kelele kwenye skrini linagusa kona ndogo ya hesabu nzima.

Mtu anaweza kujibu kwamba hesabu hiyo inaonea gemu, kwa kuwa mashine hainunuliwi kwa ajili ya gemu moja. Mwanafunzi wa Kibabii ana laptopu tayari, chumba chake kina stima, na intaneti anaipata. Kwake yeye shilingi 1,030 na tokeni za 600 zikigawanywa kwa saa 100 ni shilingi 16 kwa saa. Kibandani, mechi za robo saa kwa shilingi 20 kila moja ni shilingi 80 kwa saa kwa televisheni, na hata wawili wakifungana kwa zamu, kila mmoja ametoa 40. Pingamizi hili ni la kweli na halina haja ya kuzungushwa: aliye na mashine inayoweza gemu hiyo, na njia ya kuipakua, anapata burudani ya bei nafuu kuliko karibu zote zinazouzwa mjini. Lakini angalia kilichobeba hoja. Ni laptopu, stima na intaneti, vyote vikiwa vimelipwa kabla. Kwa mtu huyo gemu ingefaa hata kwa dola 20. Kwa asiye navyo haifai hata kwa dola 2. Punguzo halikuhamisha mtu yeyote kutoka kundi moja kwenda jingine.

Pingamizi la pili ni la duka la muvi: kwa nini kulipa shilingi 1,000 wakati nakala ya wizi inapatikana kwa 100? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na ile ya bidhaa bandia ya 2008 zinakataza, ila sheria pekee haijawahi kufunga soko la nakala popote. Jibu bora linatoka Poland, kwa watu wale wale waliotengeneza The Witcher. Kampuni ya CD Projekt ilianzishwa mwaka 1994 na vijana wa Warsaw katika nchi ambayo diski za kunakili ziliuzwa sokoni waziwazi kama zilivyouzwa River Road. Mwaka 1999 walileta Baldur's Gate, gemu ndefu ya njozi, lakini hawakuishia kuiuza. Waliitafsiri yote kwa Kipoland, wakawaajiri waigizaji maarufu waseme sauti, na wakaweka ramani na diski ya muziki ndani ya boksi. Mnunuzi wa Poland alilipa zaidi ya bei ya mwizi kwa sababu alipata kitu ambacho mwizi hakuwa nacho. Hata baadaye mwenye nakala halali ya The Witcher 3 alipata maboresho makubwa ya Desemba 2022 bila kulipa senti, na mwenye nakala ya flashi hakupata kwa njia hiyo. Tena kampuni hiyo ilifungua duka la GOG mwaka 2008, ambako gemu huuzwa bila kufuli: unaweza kuipakua mahali penye intaneti nzuri, ukaibeba kwenye diski ya nje, na kuiweka kwenye kompyuta yako nyumbani bila mtandao. Kwa Kanduyi sifa hiyo moja ina thamani zaidi kuliko asilimia kumi za punguzo, kwa kuwa inapunguza gharama ya njia. Na kuna hoja ya haki pia. Maduka yanayonakili gemu ndiyo yanayonakili nyimbo za wanamuziki wa Bungoma. Hatuwezi kulia na wasanii wetu huku tukisema kazi ya Mpoland haina mwenyewe.

Pingamizi la tatu linadai kwamba gemu hizi ni za kigeni kwa roho, kwamba saa mia za hadithi si desturi ya hapa. Historia inakataa. Miongoni mwa Wabukusu, mzee wa heshima akifariki, siku chache baada ya maziko hufanyika kumuse: mzee msemaji hutembea huku na huko mbele ya umati akiwa na fimbo, akisimulia koo, uhamiaji, vita na maonyo kwa walio hai, kwa saa nyingi mfululizo. Watoto wa Bungoma wamekua na hadithi za mazimwi wala watu kabla ya kuona skrini. Hadithi ndefu ni mali ya hapa. Kigeni ni kukaa nayo peke yako. Na hata hilo halikuwa asili ya gemu zenyewe: Dungeons & Dragons, mama wa gemu zote za aina hii, ilipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ilichezwa na kundi la marafiki kuzunguka meza, mmoja wao akiwa msimulizi na wengine wakiamua wahusika wao watende nini. Kompyuta ndiyo iliyochukua nafasi ya msimulizi na kuwaondoa marafiki mezani. Kwa maana hiyo kibanda cha video chenye msimulizi wake kilikuwa karibu zaidi na meza ya 1974 kuliko kijana aliyevaa spika za masikioni chumbani.

Hapa pia ndipo hesabu ya shilingi kwa saa inapoonyesha udhaifu wake. Tales of Kenzera: Zau, iliyoongozwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza ambaye babake alikuwa Mkenya, ilitoka Aprili 2024 kwa dola 20. Inamhusu mganga kijana anayetaka kumrudisha baba yake kutoka kwa mungu wa mauti, imejengwa juu ya masimulizi ya Kibantu, na inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Inamalizika kwa muda mfupi sana ukilinganisha na The Witcher. Kwa kipimo cha saa ni ghali mara nyingi zaidi. Lakini ndugu wanne waliokaa mbele ya televisheni moja wanaisikia wote, hata asiyeshika pedi, hata nyanya anayepita akienda jikoni. Gemu inayoweza kusikilizwa na chumba kizima imegawanya bei yake kwa idadi ya waliomo.

Kwa hiyo hukumu. Gemu ya njozi ya bei ya punguzo inafaa kununuliwa Kanduyi na mtu ambaye njia yake imeshalipwa: ana mashine iliyothibitishwa kuiweza, ana mahali pa kuipakua bila kuchoma bando, na ana saa mia ambazo haziibi mtihani wala shamba. Huyo asisubiri hata punguzo kubwa zaidi, kwa sababu tofauti ya dola 3 haimtoshi bando la kuipakulia. Asiye na hayo aache kuangalia asilimia. Shilingi 1,000 zake zitampa zaidi zikiungana na za wenzake kuboresha mashine moja inayotumiwa na wengi, kama vibanda vilivyofanya kwa stima na televisheni vilipokuwa haba. Na yule anayenunua, awaite marafiki: mmoja ashike pedi, wengine waamue kwa kubishana kama mfalme asamehewe au auawe, na kila mmoja awe na faili lake la kuhifadhi, jambo ambalo kadi ya MB 8 ya kibanda haikumudu. Wafanyabiashara wa Chepkube walijua tangu miaka ya 1970 kwamba bei rahisi upande wa pili wa mpaka haina maana mpaka ujiulize utavukaje. Swali hilo halijabadilika, na gharama ya kuvuka bado ndiyo inayopaswa kuhesabiwa kwanza.